Gazeti la Tarehe Tisa

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Profesa alifungua karakana ya makumbusho akakuta meza ya katikati haina kichwa. Kilikuwa kichwa cha dinosaria wa shingo ndefu, mnyama aliyekula majani kwenye kingo za mto uliokauka kabla dunia haijaota nyasi. Mwili wake ungejaza ukumbi mzima, lakini kichwa hakikuzidi cha farasi. Kesho yake saa nne kilikuwa kizinduliwe, na mnyama apewe jina la Profesa.

Saa mbili na nusu Inspekta alifika na magari mawili ya polisi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye tabia ya kutazama sakafu kabla ya kutazama watu. Kufuli lilikuwa zima. Kutoka mezani hadi mlangoni kulikuwa na michirizi ya magurudumu madogo, imekaukia kwenye vumbi. Mezani, badala ya kichwa, kulikuwa na ganda kubwa la plasta na gunia, limelazwa chali kama karai. Ndani yake kulinata gazeti kuukuu.

"Hiyo takataka niliagiza itupwe tangu Ijumaa," Profesa alisema. "Dada Deki, njoo uizoe."

Mfagizi, mwanamke wa miaka kama arobaini, alisogea akisukuma toroli la ndoo. Inspekta alimzuia kwa kiganja.

"Kisiguswe kitu. Funguo za hapa anazo nani?"

"Mimi na fundi wa mifupa, yule wanayemwita Brashi. Na usihangaike kutafuta mbali, afande. Ijumaa alinitishia mbele za watu."

Saa tatu Brashi aliketi mbele ya Inspekta, kucha zimejaa vumbi jeupe.

"Ulimwambia Profesa atakiona cha mtema kuni?"

"Nilimwambia, na leo narudia. Kile kichwa alikivumbua Mchimbaji, mzee wa kambi ya uchimbaji ya Profesa, miaka ishirini na tatu iliyopita. Nilitaka jina lake liwe kwenye kibao cha uzinduzi. Profesa akacheka."

"Mtoro hawekewi kibao," Profesa alidakia kutoka mlangoni. "Mchimbaji alitoroka na mwanamke tarehe mbili. Kichwa nilikipata mwenyewe tarehe kumi, nikakifunga plasta siku hiyohiyo kwa mikono hii. Imo kwenye kitabu changu."

Inspekta aliandika tarehe zote mbili. Kisha akamgeukia fundi. "Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Saa kumi na mbili nilimfungulia Dada Deki adeki, nikaenda kunywa chai. Saa moja nikarudi kufunga. Sikuchungulia ndani."

Inspekta aliokota kipande cha kijivu chini ya meza. "Hili ni jiwe?"

Brashi alikipokea. Alikigusisha kwenye ulimi, na kikabaki kinaning'inia. Alikibandua. "Mfupa. Mfupa wa kale una vitundu, unanyonya mate, unanata. Jiwe halinati. Ukishafundishwa, ulimi wenyewe unatangulia."

"Na gazeti ndani ya ganda ni la kazi gani?"

"Tukiwa porini tunalibandika bichi juu ya mfupa, ndipo tunamwaga plasta. Bila gazeti plasta ingeng'ang'ania mfupa. Tunatumia lolote lililopo kambini."

Profesa alitazama saa yake. Alitaka fundi atiwe pingu na karakana ifagiwe, basi. Inspekta alivuta kiti karibu na ganda akasoma kwa dakika nyingi, kwa sababu lilimsumbua jambo moja. Mwizi mwenye haraka hapangi takataka mezani, tena akaelekeza upande wa maandishi dirishani.

Saa nne alimwita mfagizi na kumwekea vipande vitatu mkononi.

"Vilikuwa sakafuni. Nisije nikatupa mali ya makumbusho. Kipi ni mfupa?"

"Afande, mimi najua dekio tu," alisema mfagizi, na huku anasema, kipande cha kwanza kilikuwa tayari kwenye ulimi wake. Kikadondoka. Cha pili kikanata. "Hiki."

Mkono ulibaki umeganda karibu na midomo.

"Nani alikufundisha, dada?"

"Baba yangu."

Hakulia. Alimwongoza Inspekta hadi stoo ya mafagio, akafunua blanketi, na kichwa kikaonekana kizima, hata jino halijapungua.

"Miaka saba nafagia chini ya picha ya huyu Profesa," alisema. "Ndiye aliyekuja nyumbani kumwambia mama kwamba mumewe kakimbia na mwanamke. Mama alikufa akimlaani baba. Sikuamini hata siku moja. Ijumaa aliponituma nitupe lile ganda, nikaona mwandiko wa baba."

"Ungekuja kituoni."

"Nilikuja, afande, mara mbili. Nikaambiwa mwanamume kumwacha mkewe si kesi. Nikajua kwa baba yangu hamji. Kwa kichwa cha mnyama mtakuja, tena kwa magari mawili."

Inspekta aliinamisha uso, maana lile lilimchoma. Akarudi naye karakana, akawaita Brashi na Profesa, na kuweka kidole juu ya gazeti.

"Profesa, hili gazeti ni la tarehe tisa, mwezi uleule, mwaka uleule. Chemshabongo imejazwa kwa penseli. Kila A haina kijiti cha katikati."

Mfagizi alitoa barua ya baba yake kwenye mfuko wa aproni, imechakaa kwenye mikunjo. Kila A ilikuwa vilevile.

"Yeyote angeweza kuandika," Profesa alisema.

"Lini? Umesema ganda ulilifunga tarehe kumi. Mwandiko ulikuwa ndani, chini ya plasta, hadi fundi alipolifungua. Mtu aliyetoroka tarehe mbili amejazaje gazeti la tarehe tisa?"

Profesa alitafuta kiti kwa mkono, asikipate.

"Ukuta wa shimo ulimporomokea Mchimbaji," alisema mwishowe. "Alikuwa ameomba nguzo za kuuzuia. Niliona zitatuchelewesha. Habari ingetoka, uchimbaji wangeufunga."

"Ukamtoa?"

"Nilitoa kichwa. Kilikuwa kimeshafungwa, kiko ukingoni. Vibarua walikuwa likizo. Nilimfukia peke yangu."

Brashi alitukana kwa sauti ya chini. Mfagizi hakupepesa macho.

"Wapi?" mfagizi aliuliza.

"Shimo la nne. Upande wa mashariki."

"Mtoto wa mtoro," mfagizi alisema. "Ndivyo nilivyoitwa shuleni, barabarani, hadi kwenye harusi yangu. Kila siku nilikuombea uishi, Profesa, usije ukafa kabla sijakupata."

Inspekta alitoa daftari. "Dada, kuhamisha mali ya makumbusho ni kosa. Lazima niliandike."

"Liandike, nitatia sahihi. Naomba jambo moja. Baba asitolewe kwa koleo. Atolewe kwa brashi, taratibu, kama walivyomtoa huyu mnyama." Alimnyooshea Profesa kidole. "Na brashi aishike yeye."

Inspekta hakuahidi kitu. Alimwendea Profesa, ambaye alishaanza kuipeleka mikono mgongoni, akaivuta na kumfunga pingu kwa mbele, mahali mikono inapoweza kushika brashi.