Uzi wa Bi Hadia

Sindano-jicho iliingia kwenye kifundo cha mkono wa Bi Hadia kupitia tundu dogo kuliko punje ya mchele, ikawasha taa humo ndani na kuanza kukagua kila kona kama mpangaji mpya. Koleo mbili nyembamba zikafuata. Hakuna aliyezishika, zilijiendesha zenyewe. Mkono ulikuwa umetiwa ganzi, lakini macho ya mwenyewe yalikuwa wazi, yakifuata kila kitu kwenye kioo cha picha kando ya kitanda bila kukiamini.

Bi Hadia alikuwa mshona kofia, na Tanga nzima hakuna aliyeweza kuliiga ua aliloshona. Ila kwa miaka kumi na miwili vifupa viwili vya kifundo hicho vilikuwa vikiachana, kwa kuwa ukano uliovifunga ulikatika. Kila alipomaliza safu, alitikisa mkono mara mbili vifupa virudi mahali pake, kisha akaendelea.

Sasa alikuwa akifungwa uzi-hai badala ya ukano. Daktari Shekivuli alieleza kwamba uzi huo hujifunza mwendo wa mwenye mkono, ukajua wakati wa kukaza na wa kulegea.

"Ukishajifunza, unamwambia nani?" akauliza Bi Hadia.

Daktari akacheka, akamsifu kwa ucheshi.

"Wewe, wifi, hata mkono wako utaudai kitambulisho," akamtania Chausiku, dada wa mumewe, aliyemsindikiza.

Kwenye mazoezi shaka ikanenepa. Wagonjwa wengine walipewa mpira waminye. Yeye akapewa kitambaa, sindano na uzi. Akashona wiki tatu. Maumivu yalikwisha, lakini mazoea hayana dawa: kila mwisho wa safu, mkono ulijitikisa mara mbili.

Miezi minne baadaye wateja wake wakaanza kupotea. Chausiku akamburuta sokoni wakauone mtambo mpya wa kofia. Mkono wa chuma ulikuwa ukishona ua lile lile. Chausiku akajitia kucheka, akasema labda walinunua kofia moja wakaifumua.

Safu ikaisha. Mkono wa chuma ukainuka, ukajitikisa mara mbili, ukaendelea.

Muuzaji akaeleza kwa fahari kwamba mtikiso ule hauna kazi yoyote, ila mafundi wakiuondoa, ua linapinda.

"Pole," Bi Hadia akauambia mtambo.

"Wifi," Chausiku akanong'ona, "huo uzi si bado umo?"

Bi Hadia akauficha mkono ndani ya kanga. Humo humo ukajitikisa, mara mbili.