Mwangwi wa Tangi la Zamani

Haya yalimpata shoga yangu, na kila akinisimulia habadili hata neno. Kazi yake ni kuandika miongozo ya watalii, ila vivutio visivyojulikana huvidharau: kwake, havijulikani kwa sababu havifai. Ijumaa moja alitumwa kukagua tangi la maji lililojengwa zamani chini ya ardhi, linalosifiwa kwa mwangwi wake.

"Ukitoka niambie nifunge, mwanangu," alisema mzee mwenye funguo, akibaki juu mlangoni. "Nikishafunga, narudi Jumatatu."

"Mzee wangu, shimo hili hata popo wamelisusa. Natoka sasa hivi."

Akashuka ngazi. Chini kulikuwa na giza totoro, na maji yalidondoka mahali asipopaona. Tochi yake ilimulika ukuta mtupu wenye ukungu. Akasonya, kisha akapaza sauti: "Ndiyo haya tu?"

Kimya. Hata mwangwi wenyewe haukujibu. Akacheka kwa dharau, akageuka aondoke.

Ndipo akaisikia sauti yake mwenyewe, imetulia, ikitokea juu kule mlangoni: "Funga tu, mzee. Nimeshatoka."

"Haya mwanangu, safari njema," mzee akajibu, na kofuli likalia.