Mstari wa Ivor

Mikono yao ilikutana ndani ya sanduku la vyuma vibovu. Ilikuwa Jumamosi ya mnada wa treni ndogo za mfano, zile za kuendesha bustanini, na ukumbi wa kanisa mjini Derby ulijaa hadi mlangoni. Harufu ya nyama ya nguruwe ya kukaanga ilichanganyika na ya makoti yaliyolowa mvua. Russell, fundi wa mabasi, alikuwa ameshika magurudumu ya kichwa kimoja cha treni. Mwanamke wa koti la manjano alikuwa ameshika bodi ya kichwa hichohicho, na hakuna aliyetaka kuachia.

"Dada, hiki nimekiona mimi kwanza."

"Umekiona kwa macho, kaka. Mimi nimekishika."

"Na mimi nimeshika nini, uji?"

"Malizaneni," muuzaji akasema. "Nyuma kuna watu."

Mwanamke akacheka. "Basi tugawane. Wewe magurudumu, mimi bodi."

"Bodi bila magurudumu utaipeleka wapi?"

"Nitaileta kwako. Una reli?"

Russell alikuwa nayo. Ilizunguka ua mdogo nyuma ya nyumba yake, ikapita chini ya mtofaa na kurudi bandani. Kwa mshahara wake vichwa vipya vilikuwa vya kutazamwa tu madukani, hivyo alinunua vilivyovunjika na kuvifufua. Mwanamke huyo, Lorna, alifanya vilevile. Dohani za moshi alizitengeneza kwa vifuniko vya chupa za manukato, na taa kwa shanga za mikufu iliyokatika.

Kiangazi hicho alikuja kila Jumapili baada ya ibada, akiwa na gauni lake la maua na gundi vidoleni. Kabla treni haijaondoka alifumba macho kidogo.

"Unaomba nini?" Russell aliuliza siku moja.

"Naomba huyu bwana aache kunisumbua na rula yake."

"Rula yangu imekukosea nini?"

"Haijui kupumzika, kama mwenyewe."

Akambusu shavuni, na Russell akasahau alichotaka kupima.

Kati ya vichwa vyote, Lorna alipenda kimoja cheusi, alichokiunda na kaka yake, Ivor, kwenye meza ya jikoni kabla Ivor hajafariki. Alimwambia Russell hivyo tu, hakuongeza neno. Ubavuni kilikuwa na mstari mwekundu uliopanda na kushuka kama njia ya mlimani. Kila Russell alipouona, vidole vilimwasha.

Mwezi wa nane Lorna alikwenda pwani, Skegness, kumuuguza mama yake aliyeanguka. Alimwachia Russell kile cheusi abadilishe betri tu, maana wanachama wa klabu yao ya treni walikuwa wanakuja kuendesha treni zao kwenye ua wake. Jioni akapiga simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Mkate na maharage."

"Tena? Yatakuota masikioni."

"Rudi unipikie basi."

"Tangu lini nimekuwa mpishi wako? Kichwa changu hakijambo?"

"Utakiona. Nimekufanyia kitu."

"Kitu gani?"

"Nikisema nitakuwa nimeharibu. Lala, malkia wangu."

Kichwa kilikuwa kimelala ndani ya beseni la mafuta ya breki, yanayolainisha rangi. Asubuhi Russell alikisugua kwa mswaki mpaka rangi yote ikatoka. Akapaka nyeusi mpya, akabandika utepe wa kuongoza brashi, akachora mstari mwekundu ulionyooka kama uzi. Alifanya kazi hiyo akipiga mluzi.

Siku ya klabu Lorna alifika na gauni jeupe na keki ya plamu. Watu walikuwa wameshika vikombe vya chai. Russell akafunua kitambaa. Lorna akakitazama kichwa, akakigeuza upande wa pili, akakigeuza tena.

"Mstari uko wapi?"

"Huo hapo. Sasa umenyooka."

"Mstari wa Ivor, Russell."

"Ule uliopinda? Nimeutoa."

Lorna akaiweka keki chini taratibu. "Mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa ugonjwa. Alishinda siku nzima akiuchora. Alipomaliza alilala, na hakushika brashi tena."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza."

Aliondoka bila kuchukua chochote. Russell alipiga simu, haikupokelewa. Jumapili akaenda kanisani kwa Lorna, yeye ambaye hakuwa na kawaida hiyo, akakaa kiti cha nyuma. Alitaka kumwomba Mungu msamaha lakini maneno aliyoyapata yote yalikuwa ya kujitetea.

Hatimaye simu ikalia. "Nakuja kuchukua vitu vyangu," Lorna akasema.

Alimkuta Russell uani. Macho ya Lorna yalikuwa yamevimba.

"Nina picha ya mstari ule," Russell akasema. "Nitakwangua. Nitauchora tena, kila mpindo wake."

"Utaiga mtetemeko wa mtu anayekufa?"

Russell akafuta vidole kwenye suruali.

"Nimekusamehe," Lorna akasema. "Nimepiga magoti mpaka nikaweza kulitaja jina lako bila kulia. Sikudanganyi."

"Basi kaa."

"Ulijua nakipenda kilivyo. Kiangazi kizima ulikitazama, ukangoja nisiwepo ndipo ukinyooshe. Na mimi nimepinda mahali pengi. Nikikaa, nitakuwa naishi hapa nikijiuliza utaanzia wapi."

"Lorna, nakupenda."

"Najua. Hilo ndilo linaloniuma." Akafuta macho kwa kiganja. "Kizungushe mara moja, nikione."

Russell akakiweka relini. Kikaenda bila kukwaruza, vizuri kuliko kilivyowahi kwenda. Kilipita chini ya mtofaa, kikakata kona, na yule fundi akajikuta anaomba, kwa moyo wake wote, kitu kikatike ndani yake. Gia, waya, chochote, ili amwambie Lorna asubiri kidogo wakati anakitengeneza.

Kikafika salama, kikasimama miguuni pa Lorna. Akakiinua, akakifunga kwa taulo, akaenda nacho.