Usiisikilize Kabla Yangu

Kwa mtu anayeshinda akiwachoma watu sindano bila kupepesa jicho, muuguzi yule alikuwa mwoga ajabu mbele ya kaunta ya duka la kompyuta. Ilikuwa Jumamosi, duka limefurika, watu wanasukumana, naye amelikumbatia boksi la CD za marehemu baba yake kama aliyebeba mayai. Alivaa gauni la njano lililomkaa sawasawa, na chini viatu vya kazini, maana alikuwa ametoka zamu moja kwa moja.

"Nataka programu ya kuzihamishia kwenye kompyuta," alimwambia muuzaji. "Na kuzipanga vizuri. Msanii, albamu, mwaka."

"Chukua hii. CD nzima dakika tatu tu!"

"Usithubutu, dada," ilisema sauti nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamume mrefu, miwani imemteleza hadi ncha ya pua, shati la mistari limepigwa pasi upande mmoja.

"Hiyo ya haraka husoma mara moja ikaenda zake," alisema. "Ikikuta mkwaruzo, inabahatisha. Tafuta ya polepole, inayosoma kila kipande mara mbili na kulinganisha. Tena ni ya bure."

"Kaka," muuzaji alinuna, "umekuja kununua au kunifungia duka?"

Muuguzi akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha kukatika katikati kisha kurudi kwa nguvu, kama mtu aliyepaliwa na chai, na alikuwa akikionea haya tangu shuleni. Yule mwanamume, ambaye kumbe alikuwa fundi wa sauti katika kituo cha redio, alisahau hata waya aliokuja kununua.

Walipoketi mgahawani jirani ndipo muuguzi alipomwonyesha CD ya chini kabisa, isiyo na jina wala picha.

"Hii baba aliirekodi nyumbani. Ni mama," alisema. "Alifariki nikiwa darasa la kwanza. Fundi, nimeisahau sauti yake. Uso naukumbuka, mikono naikumbuka, sauti imepotea."

Fundi aliiinua kwenye mwanga. Utando wa juu ulikuwa umeanza kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. "Umewahi kuicheza?"

"Sithubutu. Nikiicheza ikafa je?"

"Huenda ikakubali kusomeka mara moja tu," alikiri.

"Basi isome wewe. Ila naomba kitu kimoja. Usiisikilize kabla yangu."

"Naapa, Sista."

Ikawa kila jioni muuguzi asipokuwa zamu, Fundi yuko sebuleni kwake na kompyuta yake. Waligombana kwa raha: muuguzi alitaka mafaili madogo yaenee kwenye simu, Fundi akakataa katakata kuupunguza muziki wa mzee wa watu hata chembe. "Kwanza makubwa kamili, ya simu tutayatoa humo, mpenzi." Neno lile lilimtoka hivihivi, akajifanya anafuta miwani. Muuguzi naye akajifanya hakulisikia, lakini alilala nalo.

CD ya mama, Fundi aliichukua kwenda nayo kazini, kwenye kisomeo bora zaidi. Baada ya hapo, kimya. Ujumbe haukujibiwa. Siku ya tatu muuguzi alipiga simu.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke. "Yuko bafuni. Nani mwenzangu?"

Alikata. Sauti ya mama iko kwa mtu asiyemjua vizuri, na moyo wake mwenyewe uko hukohuko. Hakujua alilie kipi kwanza. Alipotoka zamu hakubadili hata sare, akaenda kugonga mlango wa Fundi kama askari.

Alifungua mwanamke mnene mwenye mwiko mkononi, akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye Sista? Ingia, wifi yangu, ingia! Mdogo wangu huyu hali, halali, simu anaitazama kama nyoka."

Fundi alikuwa mbele ya kompyuta, ndevu hazijanyolewa. Alipomwona alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Nimempoteza mama yako," alisema.

Akaeleza. CD ilisomeka vizuri, mara moja, kisha utando ukabanduka wote. Alikuwa ameiachia programu itafute majina yenyewe mtandaoni na ifute albamu zilizojirudia. Ikafuta moja. Alipotafuta ile isiyo na jina, haikuwepo.

"Kipi kilichojirudia?"

"Bendi ya tarumbeta. Zilikuwa mbili."

Muuguzi aligeukia kompyuta. "Mbili? Baba hakuwahi kununua kitu mara mbili, hata soksi. Hiyo programu inajuaje majina?"

"Kwa urefu wa nyimbo. Inapima, inalinganisha na..." Fundi alishika kichwa. "Zote mbili vipande vitano, na urefu ukafanana. Imempa mama yako jina la tarumbeta!"

"Hukuzifungua?"

"Niliapa nisisikilize. Nilifanya kazi kwa macho tu."

"Sisi wodini hatuamini jina lililobandikwa kitandani," alisema muuguzi. "Tunamuuliza mgonjwa mwenyewe. Iliyobaki ni ipi?"

Fundi hakujua. Ni tarumbeta halisi, au ni mama. Muuguzi alinyoosha kidole, kikagoma. Alijaribu tena, kikagoma.

"Naogopa," alisema.

"Na mimi naogopa mpaka magoti." Fundi akaweka mkono wake juu ya wake, wakabonyeza pamoja.

Mvumo. Mvumo mrefu. Kiti kikakwaruza sakafu.

"Umeshawasha?" mwanamke aliuliza ndani ya spika. "Hiyo taa nyekundu ndiyo imewaka au? Mume wangu, wewe na mitambo yako! Sasa niseme nini?" Akacheka, kicheko kikakatika katikati, kikarudi kwa nguvu kama aliyepaliwa na chai.

Jikoni, mwiko ulianguka. "Mbona umecheka peke yako, wifi?" dada mtu aliuliza akichungulia. Kisha akaona midomo ya muuguzi imefungwa, na machozi yanamtiririka.

"Si mimi," alisema muuguzi.

Fundi alimwangalia. "Kumbe ulikuwa nayo siku zote, Sista. Mimi niliisikia dukani, siku ile ya kwanza." Akavua miwani. "Nikikuomba kitu, utaogopa?"

"Nitaogopa sana," alisema, na mama yake bado anacheka. "Omba."