Uzi Kwenye Jiko la Gesi

Mzee Rangi alichanganya rangi kiwandani karibu maisha yake yote ya kazi. Jina lenyewe alipewa na wenzake huko huko. Alipostaafu, aliondoka na vitu viwili: pensheni ndogo na pua isiyonusa. Umpe ua, umpe soksi chafu, kwake ilikuwa mamoja.

Kila asubuhi alikunywa chai na mkewe jikoni, na kila asubuhi alilalamika.

"Sabuni imepanda. Mchele umepanda. Nauli imepanda. Ni sisi tu hatupandi."

"Kunywa chai, itapoa," mkewe alimjibu. "Nayo sukari imepanda, kwa hiyo usitafute utamu."

Baadaye dada mkubwa wa mkewe alihamia kwao. Alikuwa mjane, naye amestaafu kazi ya udobi hospitalini. Kulipa kodi peke yake kulimshinda. Walikubaliana wakae pamoja na wagawane gharama za chakula na gesi. Dobi huyo alitoa fungu lake bila kukumbushwa. Nyumba ilichangamka.

Kisha gesi ikaanza kuisha haraka.

Zamani mtungi mmoja ulivuka mwezi. Sasa haukufika hata katikati, na bei yake ilikuwa imeruka tena. Mzee Rangi aliutikisa mtungi, akatikisa na kichwa.

"Dada yako anaoga maji ya moto?" alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini.

"Anaoga ya baridi tangu tukiwa watoto."

"Una hakika?"

"Unataka nikamchungulie bafuni?"

Mzee Rangi hakucheka. Tangu siku hiyo akawa mpelelezi ndani ya nyumba yake. Alipotoka matembezini, aliingia jikoni kwanza na kugusa jiko kama lina joto. Aliinua vifuniko vya sufuria. Alitazama ndani ya vikombe. Shemeji yake alimwona, akaendelea na kazi zake.

Siku moja shemeji huyo alisema, "Shemeji, jikoni pana harufu. Kama mayai viza."

"Mimi sinusi kitu."

"Wewe hunusi hata moshi."

Mzee Rangi alimvuta mkewe pembeni. "Umesikia? Ameanza kutafuta visingizio. Anatupoteza maboya."

"Hata mimi huwa nanusa kidogo," mkewe alisema. "Nilidhani ni mtaro wa nje."

"Ni mtaro," Mzee Rangi alikata maneno.

Mtungi ulipoisha tena, aliubeba hadi dukani. Muuza gesi alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa na mikono yenye nguvu. Mzee Rangi alikuwa na shaka naye pia.

"Mama, mnatuuzia mitungi nusu."

Muuza gesi hakukasirika. Alivuta mizani. "Njoo uone mwenyewe. Soma hapa shingoni mwa mtungi. Huu ni uzito wa chuma kitupu. Ongeza uzito wa gesi uliyolipia. Sasa tuupime."

Mzee Rangi alijumlisha mara mbili. Mtungi ulikuwa umejaa sawasawa.

"Kila ukinunua, dai mizani," mwanamke yule alisema. "Ni haki yako. Akikataa muuzaji, nenda kwingine. Na mpira wa jiko lako una umri gani?"

"Mpira ni mzima," Mzee Rangi alijibu haraka. Hakutaka kuuziwa kitu kingine. Moyoni alisema: kama si muuzaji, basi ni shemeji.

Alifunga mtungi mpya. Siku iliyofuata yeye na mkewe walikuwa na safari ya kumwona mgonjwa. Kabla ya kutoka, alichukua uzi mweusi. Aliufunga kwenye vitasa vya jiko, kutoka kimoja hadi kingine. Mtu akizungusha kitasa, uzi utakatika. Alitoka akiwa ameridhika.

Waliporudi mchana, walimkuta shemeji amekaa kizingitini. Milango na madirisha yote yalikuwa wazi.

"Msiingie kwanza," alisema. "Harufu leo imezidi."

Mzee Rangi alimpita. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akainama kwenye jiko. Uzi ulikuwa mzima. Aliinua mtungi. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyouacha.

Alichanganyikiwa. Jiko halikuguswa, lakini gesi imepungua. Basi labda kweli inavuja. Lakini inavuja wapi? Alitoa kiberiti mfukoni. Alitaka kupitisha moto mdogo kando ya mpira aone.

"Shemeji!"

Kofi zito lilimpiga mkononi. Kiberiti kiliruka, kikaangukia sakafuni.

"Unataka kutuchoma sote?" Dobi alimshika mkono, akamburuta hadi nje. Kisha akamwambia mdogo wake, "Usiwashe wala usizime taa. Usiguse swichi yoyote. Mimi nakimbia dukani."

Muuza gesi alifika akihema. Aliingia peke yake, akafunga gesi kwenye kichwa cha mtungi. Alisubiri upepo upite ndani ya nyumba. Gesi ni nzito, aliwaeleza. Hutulia chini sakafuni, kwa hiyo milango ifunguliwe, si madirisha ya juu peke yake.

Nyumba ilipokuwa salama, alikoroga sabuni katika maji. Alifungua gesi kidogo, akapaka povu kwenye mpira.

"Tazameni."

Karibu na jiko, mapovu madogo yalianza kuvimba. Mpira ulikuwa na ufa chini ya raba aliyoizungushia Mzee Rangi mwenyewe, ili asinunue mpira mpya.

"Hivi ndivyo tunavyotafuta mvujo," muuza gesi alisema huku akifunga tena. "Kwa maji ya sabuni. Moto, kamwe! Mpira una tarehe, ukifika mwisho unabadilishwa. Na mkimaliza kupika, fungeni kwenye mtungi, si kwenye jiko tu."

"Kwa hiyo gesi ilikuwa inatoka tu hewani?" mke aliuliza.

"Usiku na mchana. Mshukuruni mwenye pua."

Muuza gesi alipoondoka, Mzee Rangi alikaa karibu na shemeji yake.

"Shemeji, nilikuwekea uzi."

"Niliuona. Nimefua mashuka ya watu miaka yote ile, nisione uzi?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungedai nimeukata nikaufunga tena."

Mzee Rangi aliinamisha kichwa. "Ningedai hivyo. Ulinionya, nikakutilia shaka. Nisamehe."

Dobi alimgusa bega. "Nimekusamehe. Lakini mpira mpya utanunua kwa fungu lako."

Mpira ulinunuliwa, pamoja na vibano vya chuma vya kuukaza. Sasa maharage yalilowekwa kabla ya kupikwa, na sufuria ilifunikwa. Mwezi uliisha, mtungi ukaendelea kuwaka. Fedha iliyobaki ilirudisha sukari kwenye chai.

Mzee Rangi hakutulia. Mtaani kulikuwa na wastaafu wengine wenye mipira iliyozeeka kama wao. Asubuhi moja alichukua kopo la maji ya sabuni, akabisha kwa karani mstaafu, mwanamke aliyeishi peke yake.

Pazia lilisogea kidogo. "Nani?"

"Mimi, Mzee Rangi. Nimekuja kupima gesi yako."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Unauza nini?"

"Siuzi kitu. Ni bure."

"Bure?" Kufuli la pili likasikika likifungwa. "Siku hizi? Nenda zako!"

Mzee Rangi alibaki amesimama na kopo lake. Shemeji yake, aliyekuwa amemfuata nyuma, alicheka hadi akajishika kiuno. Kisha alisogea mlangoni.

"Mama, mimi sina haja ya kuingia," alisema kwa upole. "Tukupe kopo hili hapo dirishani, upake mwenyewe. Ukiona mapovu, funga mtungi, fungua milango."

Mkono ulitoka, ukachukua kopo. Walisubiri.

Kisha waliisikia milango ikifunguliwa, mmoja baada ya mwingine.