Tundu Kwenye Ukuta wa Kibanda cha Mvuke

Rauha Kangas alikuwa jikoni akimenya viazi. Ilikuwa siku ya tatu ya msimu wa kuwinda kulungu, na wanaume wengi wa kijiji chao, kaskazini mwa jimbo la Michigani, Marekani, walikuwa msituni. Mama yake, Bi Helmi, alikuwa uani akioga kwenye kibanda cha mvuke.

Giza lilishaingia. Mara bunduki ikalia, karibu mno.

Rauha alitupa kisu akakimbia. Alimkuta mama yake sakafuni, amejifunika taulo, hajaumia. Ukuta wa mbao ulikuwa na tundu, shubiri moja juu ya benchi lake.

Arvo, mume wa Rauha, akatokea mbio kwenye miti, bunduki mkononi.

"Niliona kulungu," alisema. "Naapa."

"Mama yangu ana pembe?"

"Kulikuwa na mwanga kidogo, Rauha."

"Tazama saa yako. Isome kwa sauti, mama asikie."

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika tano.

Rauha hakungoja aombe radhi. Alimpigia simu jirani yao, Lempi Saari, askari wa wanyamapori.

"Unamwitia mumeo askari?" Arvo alifoka.

"Risasi ingeshuka kidogo, ningemwita mchungaji aje kuzika."

Lempi alifika, akatia kidole kwenye lile tundu, kisha akafungua kijitabu cha kanuni mezani.

"Arvo, tunaanza kuwinda nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Tunaacha nusu saa baada ya jua kuzama. Leo limezama saa kumi na moja na robo. Kufikia kumi na mbili kasoro robo, bunduki yako ilipaswa kuwa tupu."

"Dakika ishirini tu, Lempi."

"Gizani jicho linaona kile unachokitaka. Ng'ombe, mtu, kulungu, wote kivuli kimoja. Na hujui nyuma yake kuna nini. Ukimjeruhi mnyama, utamfuata vipi? Ataoza porini."

"Na tarehe za msimu wa kuwinda, nazo ni za nini?" aliuliza Bi Helmi.

"Zimewekwa ili wabaki kulungu wa kuzaliana, mama. Hubadilika. Usiulize kilabuni, soma kijitabu cha mwaka huo."

Arvo alinyang'anywa kibali cha kuwinda kwa miaka mitatu. Rauha hakumwonea huruma hata siku moja.

Mwaka wa nne Arvo alirudi msituni na kaka yake, Urho. Rauha alikwenda nao. Jioni, dume la kulungu lenye pembe pana likasimama mbele yao. Arvo alitazama saa. Muda ulikuwa umepita kwa dakika mbili.

"Piga," Urho alinong'ona. "Nani ataona?"

Arvo alitoa risasi zake moja moja, akazitia mfukoni. "Nyuma ya miti ile kuna nyumba ya watu."

"Unamwogopa mkeo."

"Namwogopa. Na wewe toa zako."

Urho alicheka. Rauha hakucheka. Alimnyooshea kiganja, akakiacha palepale, mpaka risasi ya mwisho ya Urho ikawa mkononi mwake.