Brashi Hailambwi Hapa

Mama alinifungia mashati ya kaka kwenye mfuko, akaniambia nimpelekee kule kazini kwake kabla giza halijaingia, na nisithubutu kurudi bila yeye. Nikamuuliza, kama narudi naye, mashati ya nini? Hakucheka. Alikuwa amekonda hadi pete inamvuka kidoleni. Tangu kaka aende kwenye ile kazi hakuwa amelala nyumbani hata siku moja, na akipigiwa simu anajibu kwa mkato, kama mtu anayesikilizwa.

"Nirudishie mwanangu," mama akasema. Basi nikaenda.

Mimi na kaka tuna kazi moja, na watu wakiisikia hutucheka. Tunapaka rangi askari. Si wa kweli, ni wa madini ya risasi, warefu kama kidole gumba. Wako watu wazima, wenye ndevu na wake zao, wanaokusanyika kucheza vita vya zamani juu ya meza: wapanda farasi wenye deraya za chuma vifuani, wapiga upinde, ngome, bendera. Wao wanapigana, sisi tunawavisha majeshi yao. Kaka ndiye aliyenifundisha. Alinifundisha pia ile tabia mbaya ambayo kila fundi wa kazi hii anayo, kulamba brashi. Ukitaka nywele zake zichongoke upake kitu kidogo kama jicho, unaitia mdomoni, unaizungusha kwenye ulimi, basi. Mama husema tutakufa kwa sumu. Tumemzoea.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa nyuma ya magereji, na geti lake lilishaliwa na kutu. Mwenyewe alifungua kabla sijagonga mara ya pili. Wachezaji wanamwita Jemadari. Mzee mwembamba, kola safi, sauti ya chini. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akanisimamisha ukumbini.

"Umekuja kupaka?"

Nikamwambia nimekuja kumchukua kaka yangu.

"Sawa. Lakini fundi ni fundi, kwa hiyo nakuambia kama nilivyomwambia yeye. Brashi hailambwi hapa. Maji yapo, kitambaa kipo."

Nikaona mzee wa watu anajali afya zetu. Nikaitikia, nikapita.

Chumba kilikuwa mwisho wa ukumbi. Kulikuwa na harufu ya rangi, na chini yake harufu nyingine... kama chuma kilicholowa. Meza ilijaza chumba. Katikati ngome ya mbao, na ndani ya kuta zake jeshi zima limejipanga, bendera juu, mikuki juu, wote wametazama nje. Kaka alikuwa amekaa pembeni chini ya taa. Ndevu zimemjaa. Hakuinuka.

Nyumbani wananiita Pilipili, na si kwa sababu ya uzuri. Nilimpasha. Nilimwambia mama hali, halali, na yeye yuko huku anachezea vidoli vya watu. Nikamwambia avae viatu twende. Akavaa, mpole kabisa, akanifuata hadi mlangoni.

Hapo akasimama.

Hakusimama kama anayegoma. Alisimama kama mbuzi ambaye kamba imemwishia. Nikamvuta mkono, nikamvuta tena kwa nguvu zangu zote, wala hakusogea.

"Nililamba," akanong'ona.

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka. Yeye akanirudisha mezani, akanionyesha askari mmoja karibu na lango la ngome, mshika bendera. Nikainama. Ule mdomo, lile kovu kwenye nyusi alilolipata utotoni... Alikuwa kaka.

Nikamuuliza kwa nini amejichora mwenyewe. Akasema hakujichora. Alimpaka kama wenzake, na alipoamka sura ilikuwa imekuja yenyewe. Hapo ndipo nilipowatazama wale wengine. Sisi mafundi hatupotezi muda kwa sura. Unapaka rangi ya ngozi, kivuli kidogo, nukta mbili za macho, unahamia kwa mwingine, na jeshi zima hufanana kama mayai. Hawa hawakufanana. Huyu ana kishimo shavuni. Yule ana jicho la makengeza. Yule mwanamke, tena mjamzito, ndani ya deraya.

Nikauondoa mkono wangu mezani.

"Mwinue," kaka akasema. "Polepole."

Nikamshika yule mshika bendera kwa vidole viwili, nikamwinua kidogo tu. Nyuma yangu nikasikia viatu vikikwaruza sakafu. Nikageuka. Visigino vya kaka vilikuwa juu, vinaning'inia.

Nikamshusha askari taratibu, kama ninalaza mtoto.

Nikasema basi, tumtie mfukoni tuondoke naye. Kaka akasema alishajaribu. Mlangoni yule askari alikuwa mzito kama jiwe la kusagia, mfuko ukachanika, akaanguka, na kaka mwenyewe akajikuta ana mbavu zinazouma. Alieleza kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kulia machozi yote. Utulivu ule ndio ulionitia uchungu. Kaka yangu si mtu wa kukata tamaa.

Nikafikiri kifundi. Kama ni rangi iliyomshika, rangi inatoka. Kila fundi anajua kwamba kazi ikiharibika, unamtumbukiza askari kwenye tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, rangi inamvuka, unaanza upya. Kopo la tina lilikuwa pale kwenye rafu. Nikamimina bakulini. Nikamwambia kaka asimame mlangoni, na akiona kamba imelegea, akimbie.

Nikamtumbukiza.

Bendera ilitoka kwanza, nyekundu, ikaenea kwenye tina. Kaka akashusha pumzi. Nikaona mguu wake wa kulia unavuka kizingiti, kidole, unyayo, kisigino. Akatabasamu. Nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu... sijui. Moyo wangu ulijaa furaha nikataka kupiga kelele.

"Pilipili," akasema. "Mbona umezima taa?"

Taa ilikuwa inawaka.

Nikamtazama. Nyusi zake hazikuwepo. Macho yake yalikuwa meupe pe, hayana mboni, kama yai lililomenywa. Na mdomo wake ulikuwa unajifuta. Polepole. Ngozi ya juu inashuka kukutana na ya chini.

Nilimtoa yule askari kwa mkono mtupu. Nikamfuta, nikamkausha kwa pumzi yangu. Kaka alikuwa ameanguka magoti, anajikwaruza usoni, hana pa kupitishia sauti. Nikapaka ngozi. Nikapaka mdomo, ili apumue, na nikasikia nyuma yangu mtu akivuta hewa kama aliyetolewa kisimani. Nikapaka nyusi, na kovu. Machozi yanadondoka mezani, na mimi naendelea tu. Yakabaki macho.

Nywele za brashi zilikuwa zimetawanyika kama ufagio wa zamani. Jicho la askari ni dogo kuliko chawa. Na pale hakukuwa na Pilipili wala onyo la Jemadari, kulikuwa na mkono wa fundi tu na kaka yangu anayepapasa sakafu. Wahenga walisema mazoea yana taabu.

Niliilamba.

Chumvi. Chuma. Halafu ladha ya joto, kama mdomo wa mtu mwingine.

Nukta moja. Nukta ya pili. Kaka akapepesa, akainuka, akavuka kizingiti kama hakuna kitu. Hakuniaga. Nilisikia hatua zake ukumbini, kisha geti. Nikalia kwa furaha, nasema peke yangu, mama atalala leo, mama atalala. Nikachukua mfuko wa mashati nimfuate.

Mlango ulikuwa wazi.

Miguu yangu haikukubali.

Jemadari alikuja akasimama upande wa pili. Nilimtukana matusi ambayo mama hajui kwamba ninayajua. Akanisikiliza hadi nikachoka. Nikamuuliza ni nani aliyeuanza uchawi huu. Akasema hajui, kwa sababu na yeye alikuja kama fundi, akalikuta jeshi limejaa nusu.

"Mate ya kaka yako yameyeyuka kwenye tina, sasa yameshika yako. Ukikaa sana kamba inarefuka," akasema. "Yangu sasa inafika getini."

Akaenda zake. Nikakaa kwenye kiti cha kaka. Kilikuwa bado na joto.

Simu ikaita, mama. Analia, anacheka, anamshukuru Mungu. Kaka ameingia sasa hivi, yuko jikoni, ameketi. Nikamwambia ampe chakula. Nikamwambia mimi nitachelewa kidogo.

Halafu sauti yake ikashuka.

"Mbona ananitazama hivi?" akanong'ona.

"Vipi, mama?"

"Kama wewe. Kama wewe ukiwa na hasira."

Nikamtazama yule mshika bendera. Yale macho... sikuwa nimeyatazama ya kaka nilipoyapaka. Nisingeweza, hayakuwepo. Mkono wangu ulipaka macho unayoyajua, yale ninayoyaona kwenye kioo kila asubuhi. Nikajaribu kukumbuka ya kaka yalikuwaje. Sikukumbuka.

Nikafumba macho.

Nikaliona jiko letu. Sufuria, ndoo, kalenda ukutani. Nikamwona mama ameshika simu kwa mikono miwili, anarudi nyuma taratibu mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Nikafumbua, nikaona meza na ngome. Nikafumba tena.

"Njoo haraka, mwanangu," akaninong'oneza sikioni. "Huyu uliyenirudishia si kaka yako."

Nilikuwa namtazama usoni alipokuwa akisema.